Dawa Ile Ile: Minyoo ya Tangi la Samaki na Kichocho cha Bwawani

Samaki wangu 14 walikufa kabla sijakubali kwamba sikujua nilichokuwa nikitibu. Walikuwa gapi, wale wadogo wenye mikia kama leso, na tangi lao lilikuwa sebuleni kwangu Msambweni, kando ya runinga. Tangu watu wajue kuwa nafuga samaki, sipiti njiani bila kusimamishwa. Leo ni kinyozi wa Ukunda mwenye tangi dukani, kesho ni kijana anayetunza tangi la mapokezi kwenye hoteli moja Diani. Swali ni lile lile: samaki wana minyoo, nitie dawa gani? Jibu langu la kwanza huwaudhi, maana nami huuliza: mnyoo gani?

Yangu ilianza hivi. Nilinunua gapi 6 mjini nikawatia moja kwa moja na wenzao. Baada ya wiki chache jike mmoja akaanza kukonda, na chakula anakula. Halafu nikaona nyuzi nyekundu mbili tatu, fupi, zimechomoza kwenye tundu lake la haja. Akitulia zinatokeza, akishtuka zinarudi ndani. Jirani yangu alipoziona akasema, "Si minyoo hiyo? Mtilie zile tembe wanazopewa watoto shuleni, yaishe."

Tembe za watoto sikuzitia. Lakini nilitafuta dawa yenye jina lile lile, prazikwanteli, ya unga, inayouzwa kwa ajili ya samaki. Nikatia. Wiki ikapita, nyuzi ziko pale pale. Nikatia tena, mara hii nikaongeza kipimo kwa hasira. Samaki wakaendelea kufa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika 14. Dawa yenyewe haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyetumia ufunguo wa mlango wa jirani kufungulia mlango wangu.

Minyoo si ukoo mmoja

Sisi husema "minyoo" kana kwamba ni mdudu mmoja. Kwenye tangi kuna makundi matatu unayopaswa kuyatenganisha.

La kwanza ni minyoo bapa inayong'ang'ania ngozi na matamvua ya samaki. Ni midogo mno, mingi huwezi kuiona bila hadubini. Utakachokiona ni dalili: samaki anajisugua kwenye mawe, anapumua haraka, pengine kwa shavu moja tu, mapezi ameyabana, na ngozi imefanya utando kama maziwa yaliyomwagika.

La pili ni tegu, mnyoo mrefu wa matumboni kama utepe. Samaki anakula na bado anakonda, na mara nyingine kinyesi chake ni cheupe chenye vipande vipande. Kinyesi cheupe peke yake si ushahidi, kwa kuwa maradhi mengine ya tumbo huleta hali hiyo hiyo.

La tatu ni minyoo ya mviringo, jamaa wa michango tunayoijua kwa watoto. Nyuzi nyekundu nilizoziona ni za kundi hili. Wataalamu huuita mnyoo huu Camallanus, nao hupenda sana gapi na jamaa zake wanaozaa watoto hai. Ni mwekundu kwa sababu unafyonza damu kwenye utumbo. Wakati unapouona umechungulia nje, umeshakaa ndani muda mrefu.

Prazikwanteli inaua minyoo bapa na tegu. Kwa minyoo ya mviringo haifanyi kazi. Hapo ndipo samaki wangu walipokwenda.

Nyuzi nyekundu: dawa yake

Dawa iliyowaokoa waliobaki ni levamisoli, ambayo wafugaji wa mbuzi wa Kinango na Lunga Lunga wanaijua vizuri. Inapatikana kwenye agroveti. Haiui mnyoo papo hapo, bali huupoozesha. Ukishalegea hauwezi kushika tena utumbo, na samaki anautoa nje.

Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Tangi langu lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, na maji yanafika kimo cha sentimita 25. Zidisha: 60 mara 30 mara 25 ni 45,000, ukigawanya kwa 1,000 unapata lita 45. Pima kimo cha maji, si kimo cha kioo. Lita 45 mara miligramu 2 ni miligramu 90. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 2.5, maana yake kila mililita moja ina miligramu 25, kwa hiyo unahitaji mililita 3.6. Vuta kwa bomba la sindano, changanya kwenye kopo la maji ya tangi, kisha mimina polepole.

Soma karatasi ya chupa kabla hujalipa. Dawa nyingi za mbuzi na ng'ombe huchanganya levamisoli na dawa nyingine ya minyoo ya ini. Hiyo si ya samaki. Mwambie muuzaji unataka levamisoli peke yake, na kama hana, ngoja.

Zima taa na ufunike tangi kwa shuka, kwa sababu mwanga unaiharibu dawa hii. Baada ya saa 24 nyonya uchafu wote wa chini kwa mpira, maana minyoo iliyopooza imelala pale na samaki anaweza kuila tena. Badilisha nusu ya maji. Rudia yote baada ya wiki tatu, kwa kuwa dawa haigusi vichanga vya mnyoo vilivyobaki majini na kwenye wadudu wadogo wanaoliwa na samaki. Mara ya pili ndiyo watu wengi huacha, wakiona samaki wamechangamka. Halafu baada ya miezi miwili wananisimamisha tena njiani.

Minyoo bapa, ya maji baridi na ya bahari

Hapa ndipo prazikwanteli ina heshima yake. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2.5 kwa lita, yaani kwa tangi langu ni miligramu 113 hivi. Mizani ya jikoni haiwezi kupima uzito huo. Mimi hupeleka unga wangu kwa sonara, ambaye mizani yake ya dhahabu inapima vitu vidogo, na tunacheka wote wawili kwamba samaki wangu wanavaa vidani.

Unga huu hauyeyuki kwa urahisi. Utie kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu ya tangi, funga, tikisa kwa dakika nyingi, kisha mimina. Toa mkaa kwenye chujio, la sivyo utainywa dawa yote. Pampu ya hewa isizimwe. Dawa ikiwa majini hewa hupungua, na ukikatikiwa na stima usiku mzima unaweza kuamkia msiba ambao minyoo haikuusababisha. Kama mtaa wenu stima inachezacheza, nunua pampu ya betri kwanza.

Kisha kuna suala la mayai. Baadhi ya minyoo hii hutaga, na prazikwanteli haiui mayai. Kwenye maji yetu ya joto mayai huanguliwa kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo unarudia dawa baada ya siku 7, ili uwakute watoto kabla nao hawajataga. Mingine haitagi kabisa, inazaa. Gyrodactylus, mnyoo wa ngozi, hubeba mtoto tumboni, na mtoto yule tayari ana mjukuu ndani yake. Ndiyo maana tangi linaweza kuwa salama Jumatatu na likawa limejaa wiki inayofuata.

Samaki wa bahari wana adui yao, Neobenedenia. Wapiga mbizi wa pwani yetu ya kusini wanaokusanya vitatange na vipepeo kwa nyavu za mkono ili wauzwe ng'ambo wanapaswa kumjua, maana samaki anayeonekana mzima akiwa mwambani hufa ndani ya ndoo au tangi la kungojea ndege. Mnyoo huu unapita mwanga kama kioo, huuoni. Lakini ukimtia samaki kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika 3 hadi 5, mnyoo unageuka mweupe na kudondoka kama kigamba. Hapo umeugundua na umeutoa mwingi kwa pamoja. Maji hayo yawe na joto sawa na la tangi lake, yasiwe na klorini, na uchachu wake ulinganishwe kwa kutia magadi ya kuokea kidogo kidogo. Tahadhari kwa watu wa Diani na Ukunda: visima vyetu vingi vina chumvi, hivyo "maji baridi" ya kisimani yanaweza yasiwe baridi. Onja. Na usiondoke kwenda kupokea simu. Samaki akilala ubavu, mtoe hapo hapo.

Huko mwambani, samaki huyu ana tabibu wake: wale wadogo wenye mstari mweusi wanaokaa mahali pamoja na kuchokoa wadudu kwenye mwili wa samaki wengine. Aliyezama Kisite amewaona chewa wamefungua midomo wakisubiri zamu. Ndani ya tangi hakuna zamu wala pa kukimbilia. Mnyoo ambao baharini ungehangaika kumpata samaki mwingine, hapa unampata akizunguka pale pale.

Usimtibu mmoja

Kosa la pili nililolifanya ni kumtoa yule jike peke yake, nikamtibu kwenye beseni, nikamrudisha. Aliporudi, wenzake wakamwambukiza upya.

Kwale ilishatoa funzo hili kwa upande wa binadamu. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 ulifanyika hapa utafiti mkubwa ulioitwa TUMIKIA, matokeo yake yakachapishwa 2019. Swali lilikuwa jepesi: ili kupunguza minyoo ya safura, je, inatosha kuwapa dawa wanafunzi tu mara moja kwa mwaka, au wapewe watu wote wa kijiji? Vijiji viligawanywa makundi. Jibu likaonekana wazi kwamba walipotibiwa watu wote, wazee kwa watoto, safura ilishuka zaidi kuliko walipotibiwa wanafunzi peke yao, na ilishuka zaidi kabisa pale watu wote walipotibiwa mara mbili kwa mwaka.

Wengi wetu tulimeza tembe zile mbele ya wale wahudumu wa afya waliopita nyumba kwa nyumba bila kujua tunashiriki katika jambo litakalosomwa duniani. Tangi ni kijiji kidogo. Mtibu kila samaki aliyemo, na urudie.

Mpwa wangu na bwawa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Nilipokuwa nikihangaika na gapi wangu, mpwa wangu wa miaka 12 alinionea huruma. Kwao ni bara kidogo, kuna bwawa la kunyweshea mifugo. Jumamosi moja akaniletea ndoo: majani ya majini, konokono wadogo wa kusafishia vioo, na vidagaa vya bwawani. "Mjomba, nimekuletea wengine badala ya waliokufa." Nilimshukuru, nikampa hela ya soda. Alikwenda tena mara tatu nne, adhuhuri, akiwa ameingia majini hadi kiunoni.

Miezi michache baadaye dada yangu akanipigia simu. Kijana alikuwa akimaliza kukojoa anaona damu, na alikuwa ameficha kwa aibu. Kama ilikuwa safari zangu au alishaingia bwawani siku nyingine, siwezi kukata shauri, lakini najua nani alimpa hela ya soda.

Kilikuwa kichocho. Mnyoo wa kichocho ni bapa, ndugu wa mbali wa ile inayokaa kwenye matamvua ya samaki. Mayai yake hutoka kwenye mkojo wa mtu, yanaanguliwa majini, vichanga vinaingia ndani ya konokono, na konokono anatoa maelfu ya wengine wanaopenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanazopenda kuogelea. Wasipotibiwa, kibofu huharibika, na kwa wasichana wanaofua mabwawani huweza kudhuru sehemu za uzazi. Samaki hawakumwambukiza mpwa wangu. Minyoo ya tangini niliyoieleza haimwingii mtu. Kilichomwambukiza ni maji, na mimi ndiye niliyekuwa nikifurahia ndoo.

Alipelekwa hospitali, mkojo ukapimwa, akapimwa uzito na kupewa tembe. Nilipoisoma pakiti nikaketi kitako. Prazikwanteli. Dawa niliyokuwa nimeilaani kwa kuniulia samaki ndiyo iliyomponya mtoto. Kwa mnyoo wake ilikuwa ndiyo yenyewe.

Baadaye nikajifunza kwamba Msambweni yetu ina sehemu kwenye historia ya dawa hii. Miaka ya 1980 watafiti waliwatibu wanafunzi wa eneo hili wenye kichocho, wakalinganisha dawa mbili: prazikwanteli mara moja kwa mwaka, na metrifonati mara tatu kwa mwaka. Prazikwanteli ndiyo iliyobaki duniani kote. Metrifonati iliachwa kwa binadamu, lakini kwa jina la traiklofoni iliendelea kutumika kwenye mabwawa ya samaki kuua wadudu na minyoo bapa. Kwa hiyo dawa zote mbili zilizopimwa kwa watoto wa Msambweni ni dawa za samaki pia. Hiyo ya pili sikushauri. Ni ya ukoo wa sumu za wadudu wa shambani, inaua kamba na kaa, na maji yake ukiyamwaga karibu na mkoko wa Gazi utakuwa umewatia sumu wasiokukosea.

Sasa turudi kwa jirani yangu na tembe za shuleni. Tangu mwaka 2012 mpango wa taifa umekuwa ukiwapelekea watoto wa shule dawa za minyoo, na maeneo yenye kichocho hupewa prazikwanteli pia. Tembe hizo ni za mtoto, zimehesabiwa kwa kimo chake. Mtoto asiyeimeza kwa sababu ni chungu, akaileta nyumbani mfukoni, ni mtoto aliyebaki na kichocho. Ukiitia kwenye tangi umemdhulumu mtoto, na hata samaki hujamfaidi, kwani tembe ina viungo vya kuishikanisha vinavyochafua maji na huwezi kuipima sawasawa.

Ninavyofanya sasa

Samaki mpya anakaa peke yake wiki nne kwenye beseni la pembeni, lenye wavu wake na mpira wake. Mayai ya minyoo mingine yana nyuzi zinazonasa kwenye wavu, ukihamisha wavu umehamisha ugonjwa. Beseni na pampu ndogo ni rahisi kuliko samaki 14.

Kabla ya dawa naangalia kwa siku mbili: anajisugua, anakonda, au ana nyuzi? Kila dalili ina mlango wake. Na kwanza kabisa nabadilisha maji, kwa sababu samaki anayehema mara nyingi anasumbuliwa na maji machafu, si mnyoo.

Bwawani sichukui kitu na simtumi mtoto. Konokono anayebeba kichocho hapa kwetu ni mdogo, na ukimshika ncha juu, mdomo ukikutazama, mdomo uko upande wa kushoto. Si kila wa namna hiyo ana kichocho, lakini mimi sibahatishi. Nikimkuta kwenye majani ya tangi, namtoa kwa kijiko, sio kwa mkono, na kumtia kwenye maji yanayochemka.

Wala simwagi gapi bwawani. Madimbwi ya msimu ya Kwale yana samaki wao wadogo wa rangi, ambao mayai yao hulala kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Hao hawahitaji wageni wetu na minyoo yao.

Mpwa wangu ni mzima. Likizo hii alikuja, akanikuta nimeketi mbele ya beseni nikimwangalia samaki mpya. Akaniuliza kama yuko mgonjwa. Nikamwambia sijui bado, ndiyo maana namwangalia. Akavuta kigoda akakaa, tukamwangalia pamoja.